Aggrey wa Achimota

Mtaa wa Aggrey

Katika jiji la Dar es Salaam, upande wa Kariakoo, uko mtaa uitwao Aggrey. Watu wengi hupita mtaa huo kila siku bila kujua jina hilo limetoka wapi. Tena wako wanaume wengi Tanzania, Kenya na Uganda walioitwa Aggrey na wazazi wao.

Aggrey mwenyewe hakuzaliwa hapa, wala hakuishi hapa. Alipita tu mwaka 1924, akiwa na wageni wenzake, akakaa muda mfupi akaondoka. Alikuwa mwalimu. Hakuwa mfalme, hakuwa tajiri, wala hakuwahi kushika serikali.

Mtoto wa msemaji

Jina lake kamili ni James Emman Kwegyir Aggrey. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, katika mji wa Anomabo. Mji huo uko kando ya bahari, katika nchi ambayo Waingereza waliiita Pwani ya Dhahabu. Tangu mwaka 1957 nchi hiyo inaitwa Ghana. Watu wa Anomabo ni Wafante. Mjini hapo iko ngome kubwa ya mawe iliyojengwa na Wazungu zamani za biashara ya watumwa. Watoto wa Anomabo walikua wakiiona ngome hiyo kila siku.

Baba yake aliitwa Kodwo Kwegyir. Kazi yake ilikuwa msemaji wa chifu. Hii si kazi ndogo kwa watu wa sehemu hizo. Kwa mila yao chifu hasemi na watu moja kwa moja barazani. Mtu mwenye shauri humwambia msemaji, na msemaji humfikishia chifu. Chifu naye akijibu, msemaji huyachukua maneno yake, huyapanga vizuri, kisha huwaambia watu. Kwa hiyo msemaji lazima ajue historia ya ukoo, mipaka ya ardhi, kesi za zamani na methali za wazee. Lazima pia ajue kusema jambo kali bila kumwudhi mtu. Mtoto wa nyumba hiyo alisikia mashauri tangu utotoni. Ndiyo shule yake ya kwanza, nayo haikuwa na ubao wala chaki. Baadaye watu wa nchi nyingi walistaajabu jinsi Aggrey alivyojua kusema mbele ya umati. Walidhani aliyapata hayo Marekani.

Alisoma katika shule za wamisheni wa Wesley, mjini Cape Coast. Alipata kuwa mwalimu angali kijana mdogo sana, wa umri wa miaka kama 15 hivi. Akaendelea kujisomea mwenyewe huku akifundisha.

Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilileta mswada wa sheria ya ardhi. Wenyeji waliona kwamba sheria hiyo itaitia ardhi yao mikononi mwa serikali. Machifu na wasomi wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji, na Aggrey akakisaidia kwa kazi ya uandishi. Mwaka 1898 chama kilipeleka wajumbe London, na mswada ukaondolewa. Mwanakijiji yeyote aliyewahi kuwa na shauri la shamba anaelewa maana ya jambo hili. Karatasi iliandikwa na serikali, na watu waliojua kusoma wakaisoma kabla haijawa sheria.

Safari ya Marekani

Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1898 Aggrey alipanda meli kwenda Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alikwenda kusoma katika chuo cha Livingstone, katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilikuwa cha kanisa la Wamarekani weusi. Kiliitwa Livingstone kwa kumkumbuka yule msafiri Mskoti ambaye sisi tunamjua kwa habari za Ujiji. Aggrey alimaliza masomo mwaka 1902, akafaulu vizuri sana, akabaki chuoni kuwa mwalimu.

Inafaa tueleze kidogo hali ya mahali hapo. Watumwa wa Marekani walipata uhuru baada ya vita vya 1861 hadi 1865. Lakini huko kusini Wazungu waliwarudisha chini watu weusi kwa njia nyingine. Weusi hawakukaa na Wazungu katika behewa moja la treni. Watoto wao hawakusoma shule moja. Mwaka 1900 jimbo la North Carolina lilibadili katiba yake. Ikaamriwa kwamba mtu asiyejua kusoma na kuandika hatapiga kura. Mtu aweza kufikiri kwamba sheria hiyo iliwagusa wote, weupe na weusi. Sivyo. Iliongezwa ibara nyingine iliyosema kwamba mtu ambaye yeye au mzee wake alikuwa na haki ya kura kabla ya mwaka 1867 hahusiki na mtihani huo, maadamu ajiandikishe kabla ya mwisho wa 1908. Wazee wa weusi walikuwa watumwa. Kabla ya 1867 hawakuwa na kura. Basi Mzungu asiyejua herufi moja alipiga kura, na mtu mweusi alipewa mtihani na karani asiyetaka afaulu.

Katika nchi ya namna hiyo Aggrey alifundisha watu weusi kwa zaidi ya miaka 18. Alimwoa Rose Douglass, binti wa jimbo la Virginia, mwaka 1905, wakapata watoto wanne. Alikuwa pia mchungaji. Kuanzia mwaka 1914 alipewa makanisa mawili madogo ya shamba, nje ya mji wa Salisbury. Waumini wake walikuwa wakulima, na wengi wao walilima mashamba ya watu wengine. Hakuwahubiria Biblia peke yake. Aliwahimiza wanunue ardhi, walime kwa ufundi, waweke akiba kwa pamoja, wapeleke watoto shule. Kazi hiyo haikumpa sifa kubwa, lakini mimi naona hapo ndipo alipojifunza elimu ya watu wazima. Mkulima aliyechoka hawezi kufundishwa kama mtoto. Lazima somo liguse jembe lake na deni lake.

Miaka hiyo hiyo Aggrey alirudi darasani mwenyewe. Likizo ya kiangazi ilipofika alipanda treni kwenda New York, mwendo wa karibu kilomita 1,000, kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alisoma elimu ya jamii, elimu ya nafsi na mambo ya ualimu. Alikuwa na miaka karibu 40, ana mke, ana watoto, ana nywele za kuanza mvi, naye anakaa benchi moja na vijana. Likizo ikiisha anarudi Salisbury kufundisha. Aliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka.

Uchunguzi wa shule za Afrika

Huko New York palikuwa na mfuko wa fedha uitwao Phelps-Stokes. Ulianzishwa mwaka 1911 kwa mali iliyoachwa na mwanamke tajiri, Caroline Phelps Stokes, ili kusaidia elimu ya watu weusi. Mwaka 1920 mfuko huo uliunda tume ya kuchunguza elimu katika Afrika. Mkuu wa tume alikuwa Thomas Jesse Jones. Aggrey alichaguliwa kuwa mjumbe, naye alikuwa mtu mweusi pekee katika tume hiyo.

Walikwenda Sierra Leone, Liberia, Pwani ya Dhahabu, Nigeria, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Kwa Aggrey hii ilikuwa mara ya kwanza kurudi nyumbani, baada ya miaka 22. Taarifa yao ilichapwa mwaka 1922.

Kazi ya tume ilikuwa kutazama na kuuliza. Waliingia madarasani. Walitazama vitabu, majengo, bustani na mabweni. Waliuliza maofisa, wamisheni, machifu na wazazi. Wakaona kwamba katika shule nyingi watoto walikariri mambo ya Ulaya, lakini hawakufundishwa jinsi ya kujikinga na malaria. Mtoto wa mkulima alimaliza shule hajui habari za udongo wa kwao, tena anaona haya kushika jembe. Tume ikasema masomo yaanze na mambo ya maisha: afya, kilimo na ufundi, maarifa ya nyumbani, na michezo yenye kujenga tabia. Ikasema watoto wadogo waanze kwa lugha yao. Ikasema pia kwamba wasichana wasiachwe nyuma.

Jambo la wasichana Aggrey alilishikilia sana. Alikuwa akisema kwamba ukimsomesha mwanamume umesomesha mtu mmoja, lakini ukimsomesha mwanamke umesomesha nyumba nzima. Maneno hayo yameenea kote, na wengi huyataja bila kujua ni nani aliyeyatangaza katika Afrika.

Aggrey katika Afrika Mashariki

Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja upande wetu. Jones alikuwa mkuu tena, na Aggrey mjumbe tena. Alikuwamo James Dillard, aliyesimamia mfuko wa kusaidia shule za vijijini Marekani, na Homer Shantz, mtaalamu wa mimea na udongo. Walizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi nyingine hadi Afrika Kusini.

Fikiri watu walivyoona mambo hayo wakati ule. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu vita vya Wajerumani na Waingereza. Mwafrika aliyesoma alikuwa karani au mkalimani, naye alisimama Mzungu alipokaa. Halafu anashuka mgeni, mweusi kama wao, amevaa suti, ana digrii, anaketi meza moja na Wazungu wa tume na kutoa shauri lake. Hata kama asingesema neno lolote, watu walikuwa wameshaona jambo jipya.

Lakini alisema. Alipenda hadithi ya tai aliyelelewa na kuku. Tai yule alidonoa mahindi uani akajiona kuku, mpaka siku alipoelekezwa macho kwenye jua linalochomoza, akatanua mabawa, akaruka. Wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa ni nani tai.

Dar es Salaam alikuwapo kijana mmoja jina lake Kleist Sykes. Alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana katika jeshi la Wajerumani, kisha akafanya kazi ya reli. Kwa habari za maisha yake zilizoandikwa na mjukuu wake, Kleist alizungumza na Aggrey mwaka huo wa 1924. Aggrey akamshauri kwamba Waafrika waunde chama chao. Mwaka 1929 Kleist na wenzake walianzisha Chama cha Waafrika. Cecil Matola akawa rais, Kleist akawa katibu. Mwaka 1948 chama kikaitwa TAA, na tarehe 7 Julai, 1954, kikawa TANU.

Taarifa ya tume ya pili ilitoka mwaka 1925. Tunda moja lilionekana Kenya mwaka huo huo, katika shule iliyojengwa Kabete, karibu na Nairobi, ikaitwa Jeanes. Hili lilikuwa jina la Anna Jeanes, mwanamke wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Shule ya Kabete haikufundisha watoto. Ilichukua walimu waliokwisha fanya kazi, pamoja na wake zao, ikawafundisha kuwa walimu wa kuzungukia vijiji. Mwalimu wa Jeanes alitembelea shule ndogo ndogo, akawasaidia walimu wenziwe. Alionyesha jinsi ya kuchimba choo, kutunza kisima, kupanda bustani, kulea mtoto mchanga. Alijifunza chuoni, akaenda kazini, akarudi chuoni kujifunza zaidi. Baada ya vita vya pili shule hiyo ikatoa masomo kwa watu wazima na viongozi wa vijiji. Mwaka 1961 ikageuzwa kuwa chuo cha kufundisha maofisa wa utawala wa Kenya, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Chuo cha Serikali cha Kenya. Mabwana na mabibi maendeleo wanaopita kijijini kwako ni ndugu wa mwalimu yule wa Jeanes.

Waliompinga

Si watu wote waliomsifu Aggrey. Marekani, msomi mkubwa mweusi W. E. B. Du Bois aliipinga tume na mkuu wake Jones. Alisema kwamba elimu ya jembe na useremala ni njia ya kuwaweka watu weusi chini. Mtoto wa Mzungu asome sheria na udaktari, mtoto wa Mwafrika alime. Afrika Kusini vijana waliona Aggrey ni mpole mno kwa Wazungu. Yeye alipenda mfano wa kinanda chenye vibonye vyeupe na vyeusi. Alisema mtu aweza kupiga wimbo kwa vyeupe peke yake au vyeusi peke yake, lakini sauti nzuri kamili hutoka kwa vyote pamoja. Wakamwuliza, kwa maana yake, ni nani anayekipiga hicho kinanda.

Swali hilo lina haki yake. Walowezi wa Kenya waliifurahia taarifa ya tume kwa sababu walitaka vibarua, si mawakili. Jembe shuleni laweza kuwa jembe la uhuru au jembe la utumwa. Inategemea nani anapanga, na kama mlango wa masomo ya juu umefunguliwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea, shule za Tanzania zililima pia. Lakini safari hii nchi ilikuwa ya wananchi wenyewe.

Kwa upande wangu naona Aggrey hakutaka Mwafrika aishie kwenye jembe. Yeye mwenyewe alisoma Kilatini na Kigiriki. Alitaka mkono na akili viende pamoja. Kosa la mfano wake wa kinanda ni kwamba ulidai subira kwa mnyonge kuliko kwa mwenye nguvu. Mahali alipopata nafasi ya kujenga chuo, alijenga kisichofanana kabisa na shule ya vibarua.

Achimota

Gavana wa Pwani ya Dhahabu, Gordon Guggisberg, alikuwa ameamua kujenga chuo kikubwa nje ya mji wa Accra, mahali paitwapo Achimota. Husemwa kwamba jina hilo maana yake ni mahali pasipotajwa, kwa kuwa zamani watumwa waliotoroka walijificha katika msitu huo. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1924. Mkuu wa chuo alikuwa mchungaji A. G. Fraser, aliyetoka Ceylon. Aggrey akawa msaidizi wa makamu wa mkuu. Alianza kazi mwishoni mwa 1924.

Kwanza ilimbidi awatulize wazazi. Wengi walikuwa wamesikia habari za elimu ya jembe, wakaogopa kwamba Achimota ni hila ya serikali. Aggrey alizunguka mijini, akafanya mikutano, akaeleza. Mtoto wa msemaji alikuwa amerudi kwenye kazi ya baba yake: kuchukua maneno ya huku na kuyafikisha kule.

Chuo kilifunguliwa rasmi tarehe 28 Januari, 1927. Kilipangwa kuchukua mtoto wa darasa la chini kabisa na kumfikisha hadi masomo ya chuo kikuu. Wavulana na wasichana walisoma mahali pamoja, jambo lililowashtua wengi. Walisoma sayansi na fasihi, walilima, walipaka rangi, walichonga mbao. Lugha za kwao, ngoma zao na historia yao vilipewa nafasi. Wanafunzi walifundishwa kuongoza wenzao. Nembo ya chuo ilikuwa vile vibonye vya kinanda, vyeusi na vyeupe. Walimu wa chuo cha serikali cha Accra walihamishiwa hapo wakamalizie mafunzo, na mmoja wa wanafunzi hao aliitwa Kwame Nkrumah.

Kifo chake

Mwezi Mei 1927 Aggrey alichukua likizo. Alipita Uingereza, akaenda Marekani. Alitaka kuandika kitabu cha mtihani wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, kazi aliyoianza zamani katika zile likizo za kiangazi. Akiwa New York aliugua ghafula ugonjwa wa utando wa ubongo. Alikufa hospitali tarehe 30 Julai, 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Achimota ilikuwa imefunguliwa miezi sita tu. Alizikwa Salisbury. Mtoto wake wa mwisho, Rudolph, alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Baadaye mtoto huyo akawa balozi wa Marekani katika nchi za Afrika Magharibi.

Habari zilipofika Achimota, Nkrumah alihuzunika sana. Yeye na wenzake wakaunda chama cha wanafunzi chenye jina la Aggrey, cha kufanya mijadala na kujizoeza kusema mbele ya watu. Mwaka 1935 alikwenda Marekani kusoma, kama mwalimu wake. Mnigeria Nnamdi Azikiwe alikuwa ametangulia. Yeye alimsikia Aggrey Lagos mwaka 1920 angali kijana, akasafiri mwaka 1925. Nkrumah akawa kiongozi wa Ghana huru mwaka 1957, na Azikiwe akawa rais wa Nigeria mwaka 1963. Nkrumah alimheshimu Aggrey siku zote, lakini ule mfano wa kinanda hakuukubali. Aliona kwamba weusi na weupe hawawezi kupatana kabla Mwafrika hajatawala nchi yake mwenyewe.

Mwaka 1948 chuo kikuu cha kwanza cha Pwani ya Dhahabu kilianza masomo yake. Majengo yake hayakuwa tayari bado, basi kikaanzia katika madarasa ya Achimota.